Kizibo cha Hilali

Hilali, fundi redio wa soko la Kasulu, alikuwa hodari na alijua kwamba ni hodari, jambo ambalo limewaponza wengi. Milima ya huko haikosi radi. Kila masika mezani pake zilirundikana redio zilizoungua matumbo, maana radi ilizifuata kwa waya wa eriali. Ndipo akabuni kizibo. Aliyeyusha vipande vya ndoo ya plastiki, akakorogea unga wa chuma kilichopigwa tupa, akagandisha. Kizibo kilikaa kati ya eriali na msumari mrefu uliopigiliwa ardhini. Siku za kawaida hakikupitisha kitu, ila radi ikija ingekipenya kwa nguvu zake na kuzama udongoni, redio isalimike. Watu walimcheka. Alichotaka ni radi moja tu impe haki yake.

Mteja wa kwanza alikuwa Kipriani, wa njia ya Kibondo, kwenye kijiji kipya ambako Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilikuwa imewabananisha watu.

"Msumari usiupige nje, fundi," alisema. "Majirani wataung'oa."

Hilali alijua mahali pake ni nje. Lakini alimtaka mno mteja huyu, akaupigilia ndani, kwenye sakafu ya udongo, kando ya kiti cha mwenye nyumba.

Wenyeji wa huko mvua ikinguruma huzima redio na kukaa mbali nayo. Kipriani, kwa kuwa ana kizibo, alikaa hapohapo pekupeku akisikiliza taarabu. Radi ilipiga eriali, ikapita kwenye kizibo kama ilivyotakiwa, ikashuka msumarini, ikamuua kupitia miguu. Waliomkuta walikuta redio ingali inaimba.

Hilali alikuja msibani. Aliona sakafu ilivyopasuka kutoka kwenye msumari hadi kwenye kiti, akaelewa yote. Na aibu iliyoje, kabla ya huzuni alisikia furaha: kimefanya kazi.

Uani wanaume walikwisha pata mchawi. Radi haiji bure, walisema, hutumwa. Nani aligombana na marehemu juu ya mpaka? Josephina, ajuza wa nyumba ya pili. Neno moja la fundi lingemwokoa. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Hilali siku ile uliota mfupa. Aliyatazama marungu mikononi mwao, akakohoa, akanyamaza.

Walimchomea ajuza nyumba mchana kweupe, wakampiga hadi kwenye mto. Hakuna aliyemwona tena.

Wiki ile Hilali aliuza vizibo vyote, kwani habari ilikwisha enea kwamba mtu kafa, redio nzima. Kila alikokwenda alipigilia msumari nje, mbali na ukuta, na hakusema kwa nini.

Kisha Epifania, mjane wa Kipriani, akaja sokoni na kuku kwapani.

"Pokea, fundi," alisema. "Yule mchawi alitaka kutumaliza sisi na vitu vyetu. Wewe angalau ulituokolea redio."

"Mungu akulipe, mama," alisema Hilali, akampokea kuku kwa mikono miwili.