Kusoma Sahani za Virusi Vilema

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliiachia darasa la nane, na habari za jeni nilizisikia nikiosha vyombo. Lakini waliojua zaidi hawakuandika, kwa hivyo nitajaribu, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mhudumu wa maabara moja upande wa Westlands. Asubuhi nilishuka kwa miguu kutoka Kangemi, nikawasha jiko la mvuke na kuchemsha visahani vya kioo vyenye vifuniko. Daktari, mwalimu Mhindi aliyekaa Parklands, alikuwa akichunguza virusi ambavyo havina ugomvi na binadamu. Vinakula bakteria tu. Bakteria ukiwamwaga juu ya uji mgumu ndani ya kisahani, kesho yake wametanda kama utando wa maziwa. Ukidondosha hapo tone lenye virusi, panabaki tundu safi. Kwa macho, kazi yote ilikuwa hiyo.

Sasa kulikuwa na virusi vilema, ambavyo vikiwekwa kwenye kabati la joto vinashindwa kutoboa. Daktari alitaka kujua kila kilema kimeharibika jeni gani, na jeni hiyo kazi yake ni nini. Kuna jeni ya kutengeneza kichwa, kuna ya mkia, na nyingine nyingi. Nilimwuliza atajuaje, na kitu chenyewe hakionekani. Akanieleza mara mbili. Sikushika. Aliyenishikisha ni mwanafunzi wake, dada mmoja wa Limuru.

"Mzee, chukua nyumba mbili," alisema. "Moja ina unga, haina kuni. Ingine ina kuni, haina unga. Wakipika pamoja?"

"Watakula ugali."

"Na kama zote mbili hazina unga?"

"Watalala njaa."

"Hata zikiwa nyumba mia?"

"Hata mia. Watalala njaa wakiwa wengi."

"Haya, umemaliza digrii. Niletee visahani."

Yaani unachanganya vilema viwili katika tone moja. Tundu likitokea, vimesaidiana, maana kila kimoja kimeharibika jeni yake tofauti. Lisipotokea, shida yao ni moja.

Dada alikuwa na kilema chake mwenyewe, alichokitafuta kwa miezi. Aliamini kimeharibika jeni mpya ambayo hakuna aliyeigusa. Daktari alishuku ni ile ile jeni ya mkia aliyoijua zamani. Ikiwa mpya, dada angebaki mwaka mwingine kuifuatilia. Ikiwa ya zamani, masomo yangeishia hapo, na shule ya sekondari aliyokuwa akifundisha ilikuwa ikimngoja arudi. Hakuficha kwamba hataki kurudi. Alisema chaki inamtoa vipele.

Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari, Daktari akasema wote wawili hawafai kusoma matokeo. Akaniita mimi. Nadhani alisikia kwamba Jumapili nilishika kibendera kwenye mpira, na kwamba niliwahi kukataa bao la timu ya watu wa kwetu. Jirani zangu walininyima salamu kwa muda kwa ajili ya bao hilo, na sina hakika mpaka leo kama walikosea.

Dada akaandaa visahani, kila kimoja na tone lake. Kimoja kilikuwa na kilema chake peke yake, kingine kile cha Daktari cha jeni ya mkia peke yake, kingine mchanganyiko wa hivyo viwili, na vingine vya kunichanganya tu, nisibahatishe. Majina yalikuwa chini, yakafunikwa na plasta. Kesho yake vikapangwa mezani. Kabla sijafunua chochote nikakiona kimoja kimemeguka mdomo.

"Hiki sisomi," nikasema. "Nakijua. Ndicho nilichompa jana akaweka mchanganyiko."

Dada akashika kichwa. "Mzee, si ungenyamaza tu!"

"Ningenyamaza, halafu nisome nini?"

Daktari hakubishana. Vyote vikaingia kwenye jiko la mvuke bila kufunguliwa. Nimejiuliza mara nyingi kile chenye mdomo uliomeguka kilikuwa na nini. Daktari alisema tone halibadiliki kwa sababu ya kisahani. Nilimwamini, ila si siku zote.

Dada akaandaa upya, safari hii katika visahani vizima. Siku ya pili yake nikasoma nikiwa nimesimama, wao wawili nyuma yangu.

"Limetoboka," nikasema. "Hili halijatoboka. Halijatoboka. Hili kidogo."

"Kidogo ni nini?" Daktari akauliza. "Ndiyo au hapana?"

"Ukungu, Daktari. Na vitundu vichache ndani yake."

"Kwenye mpira kuna bao kidogo?"

"Hakuna. Lakini hapa kuna."

Nikaendelea. Cha mwisho kabisa kilikuwa vile vile, ukungu na vitundu vichache. Nilivirudisha vyote viwili dirishani, nikavitazama upya. Nilitafuta tofauti, na sitasema sikuwa na upande. Nilitaka dada abaki. Alikuwa akiniamkia.

"Kidogo," nikasema. "Sawasawa na kile kingine."

Daktari akabandua plasta ya kile cha kwanza chenye ukungu. Kilikuwa mchanganyiko. Nikasikia dada anavuta pumzi. Akabandua ya cha mwisho. Kilikuwa kilema cha dada, peke yake.

Hata mimi nilielewa. Ule ukungu haukuwa msaada wa mtu. Kilema chake kilijikongoja chenyewe kidogo, na kuwekewa mwenzake hakukukiongezea kitu. Nyumba zote mbili zilikosa unga.

"Umeona kweli?" dada akaniuliza.

"Njoo uone."

Akaja. Akavishika viwili, kimoja kila mkono, akavigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu hata Daktari akaanza kukohoa.

"Ni mkia," akasema.

"Kujua ni mkia pia ni kujua kitu," Daktari akamwambia, na nafikiri alimaanisha. Hakuonekana mtu aliyeshinda.

"Ndiyo, Daktari."

Ukutani palikuwa na ubao wenye jeni zote na vilema vyake. Dada akachukua chaki, akaandika kilema chake chini ya neno Mkia. Hapakuwa na nafasi, kwa hivyo akaandika kwa herufi ndogo, akiinama. Kisha akajipangusa vidole kwenye koti, mkono mmoja kwanza, halafu ule mwingine, akaniuliza kama kuna chai.