Pazia la mlima wa moto Joubert Park

Saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, Jocelyne Mapendo anamimina rangi nyeusi kwenye kopo la maziwa ya unga na kuikoroga kwa kijiti. Mbele yake, kwenye ukuta wa banda la gari analopanga, kimetundikwa kitambaa cha pamba cha marekani chenye urefu wa mita tatu.

Hachukui rula wala penseli. Anachovya brashi pana, ile ya mafundi wa kupaka nyumba, kisha anaivuta kutoka kona ya juu kuja chini kama mtu anayefagia uwanja.

"Hili ni wingu," anasema bila kugeuka. "Litaishia wapi, sijui bado. Nalisubiri liniambie."

Jocelyne ana umri wa miaka 44. Alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, na kazi yake ni kuchora mapazia ya picha, vile vitambaa vikubwa ambavyo mpiga picha huvitundika nyuma ya mteja wake. Wateja wake wakuu ni wapiga picha wa Joubert Park, bustani iliyo katikati ya Johannesburg, ambako wahamiaji hupiga picha za kutuma nyumbani.

Kwa pazia moja analipwa randi 1,200. Mwezi ukiwa mzuri anachora manne, ukiwa mbaya anachora moja.

Kwa miaka kumi na moja alichora kile ambacho watu walikitaka: ngazi za marumaru, sofa za dhahabu, maporomoko ya maji yaliyozungukwa na maua, na magorofa ya Dubai.

"Dubai nimeichora zaidi ya mara sitini," anasema na kucheka. "Hata uwanja wake wa ndege sijaukanyaga."

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, fundi wa mabango ya maduka mjini Goma. Mzee huyo alikuwa mtu wa vipimo. Herufi zake zilisimama sawasawa kama askari kwenye gwaride, na bintiye alipojaribu kuchora kitu kutoka kichwani, baba alimrudishia rula mkononi.

"Alikuwa anasema, mstari kwanza, rangi baadaye. Ukianza na rangi, umeshapotea. Nami nilimwamini, kwa sababu kazi yake ilikuwa safi kabisa."

Kilichombadilisha ni kitabu ambacho mtu mwingine alikuwa karibu kukitupa.

Mtu huyo ni Adamu Kimweri, mzaliwa wa Tanga, ambaye anauza vitu vya mitumba mtaa mmoja na anapoishi Jocelyne. Mzee wa Kireno, na mtaani humo wako wengi, akifariki au akihamia kwa watoto wake, familia humwita Adamu aje kubeba makabati, vyombo na vitabu. Miaka miwili iliyopita, kwenye sanduku moja alikuta kitabu kinene cha Kifaransa, jalada limeng'oka.

"Nilimwambia, dada, hapa hakuna anayenunua Kifaransa. Chukua wewe uliyekisomea," anakumbuka Adamu. "Kingekaa kwangu, ningekifungia vikombe."

Kwenye ukurasa wa kwanza uliobaki, Jocelyne aliona neno "romantisme". Alidhani amepewa kitabu cha mapenzi.

"Nikasema, leo nitasoma mambo ya mishumaa na maua. Nafungua, naona meli inazama. Nageuza, kanisa limebomoka, miti imeota ndani yake. Nageuza tena, mtu mdogo amesimama juu ya jabali, ametupa mgongo, mbele yake kuna ukungu mtupu. Kitabu kizima, hakuna hata mmoja aliyekuwa anambusu mwenzake!"

Alikwenda kumuuliza Adamu. Naye hakuwa na msaada mkubwa.

"Shuleni kwetu tuliambiwa kwa Kiswahili huo unaitwa ulimbwende," anasema Adamu. "Mimi nikajua ni habari za watu wanaojipamba. Mtihani nilifeli, na sasa naelewa kwa nini."

Basi Jocelyne akakisoma mwenyewe, kurasa tatu au nne kila asubuhi wakati akisubiri rangi ya chini ikauke. Kilimchukua miezi mitano.

Alijifunza kwamba zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, huko Ulaya, wasomi wengi waliamini kuwa akili peke yake ingefumbua kila fumbo la dunia. Sanaa nayo ilikuwa na sheria zake, na wachoraji walifundishwa kuiga sanamu za Ugiriki na Roma, kila kitu kwa kipimo.

Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinaanza kutoa moshi, watu wakiacha mashamba na kujazana mijini. Ufaransa ikapindua mfalme wake. Ndipo Ujerumani, Uingereza na kwingineko wakainuka waandishi na wachoraji, wengi wao vijana, wakauliza: je, moyo hauna elimu yake? Ndoto je? Hofu, upweke, utoto, radi inayopiga mlimani, je, hayo si mambo ya kweli?

"Hapo nikasimama," anasema Jocelyne. "Nikaona kumbe ugomvi wangu na baba, kuna watu walishagombana zamani, tena kwa makundi!"

Lakini kilichomshangaza zaidi ni asili ya neno lenyewe. Kitabu kilieleza kuwa zamani, wakati mambo ya heshima yaliandikwa kwa Kilatini, hadithi zilizosimuliwa kwa lugha ya watu wa kawaida wa Ufaransa ndizo zilizoitwa kwa jina lililokuja kuzaa neno hilo. Hadithi za mashujaa, misitu na maajabu, katika lugha ya nyumbani.

"Shuleni Goma, ukisema Kiswahili darasani unachapwa," anasema. "Hadithi zote za bibi yangu zilikuwa za Kiswahili. Kwa hiyo kwa maana ile ya kwanza kabisa, bibi yangu alikuwa mlimbwende, na hakuwahi kujua."

Si kila kitu alikikubali. Kulikuwa na sura moja iliyomfanya afunge kitabu kwa siku mbili. Sura hiyo ilisema kwamba kitu kikubwa cha kutisha, kama mlima au tufani, mtu akikitazama akiwa mahali salama, hofu yake hugeuka kuwa raha ya ajabu, raha inayomkumbusha udogo wake.

Jocelyne aliwahi kuuona mlima wa namna hiyo, na hakuwa mahali salama.

Januari 2002, alipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, volkeno ya Nyiragongo ililipuka. Kufikia alasiri, uji wa moto ulikuwa umeingia mjini Goma. Familia yake ilikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Waliporudi, karakana ya baba yake ilikuwa chini ya jiwe jeusi ambalo bado lilikuwa linatoa moshi.

"Mabango arobaini yaliyokuwa yanasubiri wenyewe, brashi zote, rula zote," anasema. "Baba hakulia. Alikaa kwenye kiti. Hakushika tena brashi mpaka alipofariki, miaka minne baadaye."

Yeye aliondoka Goma kwa sababu ya vita na kufika Johannesburg mwaka 2009. Katika miaka yote hiyo, hakuwahi kuuchora mlima ule. Sasa kitabu kilikuwa kimemwachia swali ambalo hakuweza kulitua: mtu aliyeukimbia mlima, anaweza kuuona mzuri?

"Hao wa kitabuni walisimama mbali. Nilitaka kujua, na mimi ambaye mlima ulinichomea kwetu, nikiutazama nitaona nini?"

Jaribio la kwanza alilifanya kwa rula, kama alivyofundishwa. Anasema mlima ulitoka kama tangazo la bia. Akaupaka rangi nyeupe, akaiweka rula juu ya kabati, akaanza upya na rangi.

Ilimchukua siku tisa. Mlima mweusi, anga jekundu, ziwa Kivu limewaka kwa mwanga wa kuazima, na chini kabisa njia ya mawe inayokuja mpaka miguuni mwa anayetazama. Hakuchora mtu hata mmoja.

"Siku ya tano nililia mpaka nikakaa chini. Siku ya sita nikaona kwamba ule wekundu ni mzuri. Nikaona aibu. Halafu nikaona, hapana, yote mawili ni kweli."

Alilipeleka pazia hilo kwa Pitchou Ilunga, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye amepiga picha Joubert Park kwa miaka kumi na minne na ndiye mteja wake mkubwa. Pitchou alilikunjua, akalitazama, akalikunja tena.

"Nilimwambia, Mama Jocelyne, eish! Watu wanapiga picha ili mama zao nyumbani walale usingizi," anasema Pitchou. "Nani atatuma moto?"

Walibishana. Pitchou alikuwa ameanza kuagiza mapazia yaliyochapwa kwa mashine, ambayo bei yake ni nusu ya yale ya mkono. Alikubali kulitundika hadi mwisho wa mwezi. Lisipopata wateja, angelirudisha, na baada ya hapo angenunua ya mashine tu.

Wiki ya kwanza hakuna aliyesimama mbele yake. Wiki ya pili, mwanamume mmoja aliwalaumu kwa kufanya biashara na msiba wa watu. Wiki ya tatu, mteja mmoja alihamia kwa mpiga picha wa jirani, akisema pazia lile lina mkosi.

Jocelyne akarudi kuchora sofa za dhahabu. Usingizi ukampotea.

Zikiwa zimebaki siku nne mwezi uishe, alikuja Orpha Sifa, msusi wa nywele mwenye miaka 34 anayeishi kwenye ghorofa linalotazamana na bustani hiyo. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na alitaka kupiga picha mbele ya maporomoko ya maji ili amtumie mama yake aliyeko Goma.

Pitchou anasema alipogeuka kuchukua kamera, Orpha hakuwa tena kwenye maporomoko. Alikuwa amesimama mbele ya mlima, karibu kabisa, mikono imeanguka pembeni.

"Nikamwambia, mama, geuka nikupige. Akasema hapana. Nikamwambia, sasa mama yako ataona nini? Akanijibu: uso wangu anaujua. Aone ninachokitazama."

Pitchou akapiga picha ya mgongo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

Orpha hakuondoka. Aliweka kidole sehemu ya chini ya kitambaa, palipokuwa na mawe meusi tu. "Kwetu Birere palikuwa hapa," alisema, akiutaja mtaa wa Goma uliofikiwa na ule uji wa moto. "Mnaweza kuiweka nyumba?"

Pitchou akampigia Jocelyne simu, naye akaja kutoka Rosettenville na makopo matatu kwenye mfuko wa plastiki. Wanawake hao wawili hawakuwa wamewahi kuonana. Waliketi kwenye nyasi, Orpha akielekeza, Jocelyne akichora: bati la buluu, mlango uliolegea upande mmoja, mpapai.

"Mpapai ulikuwa mrefu zaidi," Orpha alimkosoa. "Au mimi nilikuwa mfupi. Nilikuwa na miaka kumi."

"Basi tuuache mrefu," Jocelyne akamjibu.

Picha ya pili, iliyopigwa baada ya nyumba kuchorwa, ndiyo aliyoituma. Mama yake, anasema Orpha, alijibu siku hiyohiyo. Jioni akapiga simu, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya Januari walizungumza habari za nyumba ile: nani alikuwa amebeba godoro, nani alimsahau mbuzi.

"Miaka yote tulikuwa tunaambiana tuko sawa, tuko sawa," anasema Orpha. "Ile siku hatukuambiana hivyo. Tulicheka, tukalia, tukamaliza salio."

Orpha aliwaonyesha wateja wake wa saluni. Hadi mwisho wa mwezi, watu kumi na mmoja walikuwa wamesimama mbele ya pazia lile wakiwa wameipa kamera mgongo. Pitchou hakulirudisha. Mapazia ya mashine bado anayanunua, lakini kila mwezi anaagiza moja ambalo Jocelyne analichora atakavyo.

Jocelyne hamlaumu yule mwanamume aliyekasirika. "Watu walikufa pale. Ana haki yake. Kitabu hakina jibu lake, na mimi sina."

Sasa anaitwa hadi Diepsloot, upande wa kaskazini, ambako mwenye duka dogo la spaza kutoka Malawi anataka ziwa lililochafuka kabla ya mvua. Hubebi picha ya simu ukienda kwake kuagiza. Yeye huketi, husikiliza, huuliza upepo ulitoka upande gani na wewe ulikuwa unaogopa nini.

Wingu analolichora asubuhi hii, hata hivyo, hakuna aliyeliagiza. Limetokana na swali la binti yake, Gaëlle, mwenye miaka 13.

Gaëlle alizaliwa Johannesburg. Kiswahili anakisikia vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na akiwa na rafiki zake huongea Kizulu. Mwezi uliopita alimfuata mama yake Joubert Park, akawatazama watu wakipokezana mbele ya mlima. Njiani wakirudi, akauliza, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno: "Mama, na mimi nisimame mbele ya nini?"

Jocelyne anafuta mikono kwenye aproni. "Mlima ule si wake. Nikimsimamisha pale, namkopesha huzuni yangu."

Kwa hiyo anachora Johannesburg. Si magorofa ya kwenye kadi za watalii, bali tufani ya alasiri za kiangazi, pale anga linapogeuka rangi ya chuma juu ya vilima vya njano vya mchanga wa migodi, magari yamesimama kwenye roboti, yaani taa za barabarani, na kila mtu barabarani anainua macho kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba hajawahi kuitazama vizuri. Miaka yote mvua ikianza yeye hukimbia kuanua vitambaa.

Mvua za kwanza zinatarajiwa Oktoba. Mpango wake ni kuvianua mapema, kufunga banda, na kupanda na Gaëlle hadi juu ya kilima nyuma ya mtaa wao, mahali mji wote unapoonekana. Atakachokichora kitategemea kile ambacho binti yake atakiona.

"Nimemwambia achague yeye tusimame wapi," anasema. "Ameshaanza kunionyesha mawingu. Jana ameniita nje mara tatu, na hapakuwa na mvua yoyote."