Majani Yaliyotupwa Mara Tatu

Kwetu, nyuma kidogo ya Kindu, kulikuwa na kijito kinachoingia Lualaba, na wanawake tu ndio waliokivua. Tulikiziba kwa matope, tukateka maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wakirukaruka chini. Lakini hakuna aliyegusa tope kabla mama mukubwa, dada ya mama yangu, hajatupa majani na kusema na maji, ndiyo kukifungua kijito. Alingoja vitoto vya samaki vimalize kushuka mtoni. Ukimwuliza lini, alikujibu, "Utaona." Nilimwona mgumu.

Mwaka ule treni ilileta wazungu wa kutembea, si wa kazi. Meli yao ilichelewa, wakachoka kukaa stesheni. Kapita, msimamizi wa kijiji, akaja na neno la Leta, yaani serikali: kesho wanataka kuona namna tunavyofungua kijito.

"Maji haiko tayari," mama mukubwa alisema.

"Hawataki samaki, mama. Wanataka kuona tu."

Leta haikukataliwa, fimbo ilikuwapo. Kesho yake mama mukubwa akaenda. Alitupa majani, ila badala ya maneno yenyewe aliimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Mzungu mmoja alichelewa kupiga foto, akaomba arudie, kisha arudie tena. Walipoondoka alituambia, "Ule ulikuwa mchezo. Sijafungua kitu. Musiingie."

Nilikuwa nimeolewa karibuni, na mama mkwe alishachoka na sombe yangu, majani ya muhogo kila siku. Nikajisemea: majani yameingia majini, wote tumeona, tena mara tatu. Mama mukubwa alipokwisha kurudi nyumbani, nikashika tope. Wenzangu waliponiona nao wakashuka. Vikapu vilijaa vitoto vya samaki, vidogo kama kucha. Tulivipika kwa mawese. Vilikuwa vitamu, sitadanganya.

Kiangazi kilipofika mama mukubwa alitupa majani kwa maneno yake yote. Tuliteka mpaka chini, tukapata kaa wawili. Mwaka uliofuata, vilevile. Wazungu waliendelea kuja na mashine zao za foto, maana kwao kijito kilikuwa kilekile. Wanawake wakasema mama mukubwa ameuza samaki wetu kwa wageni. Walisema hivyo walewale waliokula. Alipita sokoni bila kusalimiwa.

Mimi nilimsalimia kila siku, kwa haya. Siku moja aliniita, akanipa kisu chake cha kukatia yale majani.

"Ni wewe tu njo ulinisikiliza," alisema. "Kazi hii sasa ni yako."

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikasema asante.