Nilimpandisha Mama Ndege, Kijiji Kizima Kiko Shambani

Hapana! Msiniambie mvua ni kazi ya Mungu. Kuna rafiki yangu pale sokoni, kila nikianza habari hii ananikata: "Aa, acha kujitesa bwana, mvua ni kazi ya Mungu." Sawa, mvua ni ya Mungu. Na mdomo je? Mdomo huu ni wa nani?

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kulisikia tena, na mimi nikikaa nalo litanipasua.

Nauza mitumba hapa Dodoma mjini. Shule niliiacha njiani baba alipofariki. Kusoma nimejifunzia kwenye magazeti wanayofungia vitumbua, Kiingereza nimekiokota kwenye lebo za mashati. Ila kuongea nimejaliwa! Nikipanda juu ya meza na suruali mkononi, hata aliyekuja kununua nyanya anaondoka na koti.

Na nina hasira. Hasa mtu akimgusa mama yangu.

Baba alipokufa, wazee wa ukoo walimega shamba. Kipande cha bondeni, kile kinachoshika maji, wakampa dada yake baba, shangazi yangu Dorika. Mama alinyamaza. Mimi sikunyamaza. Kuanzia siku ile shangazi nikawa namwamkia kwa meno: shikamoo ya kutimiza wajibu, basi.

Sasa kaka yangu yuko Mwanza, kwenye kiwanda cha samaki. Alioa huko, akazaa huko. Mama mjukuu wake alimjua kwa picha tu, aliyoiweka ndani ya Biblia, ameishika mpaka sura ya mtoto ikaanza kufutika. Nikaapa: Krismasi hii mama atambeba yule mtoto mikononi.

Ndipo dada mmoja, karani wa ofisi ya serikali, mteja wangu wa blauzi, akanitia maneno.

"Siku hizi si kuna ndege za watu binafsi," akasema. "Familia ikienda kundi zima, na mkikata mapema, mnapunguziwa."

"Mapema lini?"

"Sasa hivi. Wenzako wanaokwenda kula Krismasi kwao wameshakata. Wewe endelea kungoja foleni ya treni."

Ulikuwa mwezi wa tisa, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nani anawaza Desemba? Mimi niliwaza! Nilijiona mjanja kuliko Dodoma nzima.

Nikauza marobota yangu kwa bei ya kutupa, nikaenda kwenye ofisi ya tiketi. Kijana wa pale, mpole, tai shingoni, alinieleza vizuri, simsingizii. Tiketi ya kundi hairudishwi. Haiahirishwi. Na kundi lazima liwe kamili. Akibaki mmoja, punguzo limekufa, wote mnabaki mpaka mlipe nauli kamili.

"Umeelewa, kaka?"

"Unaniona mshamba?" nikamjibu.

Nikaenda nyumbani, upande wa Buigiri, tiketi zimo mfuko wa shati. Nikamtangazia mama mbele ya dada yangu Eliza, mume wake na watoto wao. Watoto wakaruka. Eliza akapiga vigelegele. Mama akaendelea kupepeta.

"Mwezi wa kumi na mbili?" akauliza. "Na mvua, baba?"

"Itawahi, mama. Mwaka jana si iliwahi?"

"Mwaka jana ulikuwa mwaka jana." Akaweka ungo chini. "Treni si ipo? Acha inyeshe, nipande mtama wangu, halafu twende. Hata kama Krismasi imepita. Yule mtoto hatakimbia."

Nilicheka! Nilimcheka mama yangu. "Treni! Daraja la tatu, ulale juu ya magunia ya vitunguu? Mama yangu mimi? Wewe utakuwa mwanamke wa kwanza kijiji hiki kupanda ndege, na hao waliokunyang'anya shamba waangalie juu mpaka shingo ziwaume!"

Akaniangalia. Akasema, "Haya." Mama akisema haya, siyo kwamba amekubali. Ni kwamba amechoka kubishana. Nilikuwa najua, nikajifanya sijui.

Kwa wasiojua kwetu niwaambie. Udongo wetu kiangazi ni kigae, jembe linaruka. Unangoja mvua ya kwanza ya kulowesha. Ikishuka, asubuhi yake hakuna harusi, hakuna kikao, mgonjwa mwenyewe anaambiwa subiri. Wote shambani. Maana mvua za kwetu ni chache, na zinakata zinapotaka zenyewe. Aliyepanda na mvua ya kwanza anakula. Aliyechelewa anaomba.

Novemba ikapita kavu. Desemba ikaingia kavu. Krismasi ikakaribia, mbingu nyeupe kama shuka. Nikawa natamba: "Mama, unaona? Mungu mwenyewe anatusubiri turudi."

Jioni ya kuamkia safari, ikashuka.

Jamani! Ilishuka kama imekatwa kamba. Mama alitoka nje, akakinga viganja, akakaa hivyo mpaka kanga ikamganda mwilini. Alirudi jikoni akaangalia juu ya mafiga, pale anapotundika masuke ya mbegu yapate moshi wasiingie wadudu. Mbegu ile alipewa na mama yake alipoolewa. Kila mwaka anapanda, anavuna, anachagua masuke bora, anatundika tena.

Asubuhi gari nililokodi likaja kutuchukua. Njia nzima watu wanapita na majembe. Sisi tuko uani tumevaa viatu! Mama kavaa gauni nililomchagulia mwenyewe kwenye robota, anaangalia majembe ya wenzake yanavyopita.

"Baba," akaniambia taratibu, "nyie nendeni. Mimi nitakuja na treni."

Hapo nikawaka. "Ukibaki wewe tumebaki wote! Unataka watoto wa Eliza wavue nguo walizovaa? Unataka nichekwe? Nimeua mtaji wangu wote kwa ajili yako!"

Nilisema hivyo. Kwa sauti. Watoto wakaanza kulia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kosa lilipo. Lile la tiketi ni ujinga tu, ujinga unasameheka. Kosa ni hili.

Shangazi Dorika alikuwa anapita, jembe begani, matope yameshamfika magotini. Akasimama.

"Mbukwa, wifi!" akamsalimia mama kwa Kigogo. Akatuangalia tulivyopendeza, akaelewa. "Mnaondoka leo? Basi niachie mbegu. Nikimaliza langu nitakuoteshea, hata kama ni nusu. Nina wajukuu, tutasaidiana."

Mama uso ulifunguka! Nauona mpaka leo. Akageuka kwenda jikoni kuchukua mbegu.

Nikamzuia mlangoni.

"Mbegu za mama yangu huzigusi," nikamwambia shangazi. "Shamba mlichukua, sasa mnataka na mbegu? Nenda kalime bonde letu ulilopewa. Sisi tunakwenda kula sangara."

Dereva akainamisha kichwa. Eliza akasema, "Kaka, jamani!" Shangazi hakukasirika hata. Alihamisha jembe kutoka bega hili kwenda lile.

"Haya mwanangu," akasema. "Sangara mkanilie na mimi."

Akaenda zake. Na mama akapanda gari, mikono mitupu, kwa ajili ya watoto wa Eliza.

Ndege ilipoinuka watoto walipiga kelele za furaha. Mama nilimweka dirishani, si nilitaka aone? Akaona. Chini nchi yote imekuwa nyeusi kwa maji, na kila shamba watu wameinama. Wadogo kama siafu, wameinama. Hakuondoa uso dirishani mpaka tukaingia mawinguni.

"Mama, unaogopa?"

"Siogopi."

Mwanza alimbeba mjukuu, ndiyo. Alimwimbia. Lakini kila jioni alikaa barazani akimuuliza kaka, "Redio imesema Dodoma imenyesha?" Sangara alimla kidogo akasema ameshiba. Mimi nilikula mpaka nikavimbiwa, mshenzi mkubwa.

Tuliporudi, mashamba ya wenzetu yalikuwa kijani tayari. La kwetu jekundu, limeshika ukoko. Jua likawaka. Tukangoja mvua nyingine ndiyo tukapanda, mimi mwenyewe nikishika jembe kama nataka kuliua. Mbegu mama hakuitoa yote. "Ibaki kidogo," akasema, "mwaka huu siuamini."

Mtama wake ulipoanza kuchanua, mvua ikakata. Ukakauka umesimama. Upepo ukipita unasikia unavyochakarika, na ng'ambo ya njia, bondeni, shangazi anafukuza ndege kwenye masuke yaliyolala kwa uzito!

Mtaji sina, marobota nilishayauza. Nikawa nauza mashati ya wenzangu kwa kijisehemu cha faida, nikipeleka kilo mbili tatu za unga nyumbani, watoto wa Eliza wanazimaliza kabla sijakaa. Siku moja nikafika, kufuli mlangoni. Jirani akanionyesha kwa kidole, hata hakunitazama.

Mama alikuwa shambani kwa shangazi, analima. Amekwenda kuhemea. Kwetu kuhemea ni kwenda kutafuta chakula kwa watu, unalimia, unapewa kibaba. Mama yangu! Aliyetulea na ujane wake bila kuhemea hata mwaka mmoja! Yuko jua la mchana kwenye lile lile bonde lililokuwa letu, anamsafishia mwenye nalo mabua.

Nikavamia. "Mama, toka humo! Shangazi, huna aibu?"

Shangazi akajinyoosha, akaweka mkono kiunoni.

"Wifi," akamwambia mama, hata hakunijibu mimi, "hivi kule angani hawauzi mtama?"

Mama akacheka. Walicheka wote wawili! Halafu mama akafuta jasho, akaniita nisogee, akaongea polepole kama mtu anayemfundisha mtoto njia.

"Ndege umenipandisha, baba, nimeshukuru. Sasa niache nilime. Na umwamkie shangazi yako."

Nikamwamkia. "Shikamoo, shangazi." Ilitoka kama mfupa.

"Marahaba. Sangara wangu yuko wapi?"

Nikageuka nikarudi njiani, mimi muuza maneno.

Na kile kibaba hakikutosha. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, nilimkuta mama jikoni amepanda kigoda, anayashusha masuke yaliyobaki. Akayapukuchua. Akayasaga. Tukala mbegu ya bibi yangu, ugali mmoja, una harufu ya moshi. Siku hizi mama anapanda mbegu aliyopewa na shangazi, na juu ya mafiga ndiyo imetundikwa hiyo. Kila nikiingia jikoni naangalia chini.

Kwa hiyo nyie vijana wenzangu mnaowapenda mama zenu kwa makelele kama mimi, kateni tiketi, hata za mwezi wa tisa, siwazuii. Lakini kijana wa tai ataeleza masharti ya ndege tu. Ya shamba la mama yako hayajui, na wewe ukiwa umeshaanza kutamba huyasikii.

Wewe uliye na tiketi za familia mfukoni sasa hivi: mama ulimuuliza, au ulimtangazia?