Alama za Vidole

Nikisimulia haya sauti yangu hupanda. Ipande.

Mwaka mbuzi wetu walipokwisha kwa ukame, babu alinishika mkono akanipeleka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwa rafiki yake, mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza sabuni na chumvi. Nilikuwa na miaka saba, na wazazi wangu walishafariki. Mama yule akaniandikisha kama mwanawe. Nikabonyeza vidole kwenye mashine, nikapata mgao wa chakula, nikashiba.

Babu alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alilinda mpaka ule ule ambao mjukuu wake sasa alijifanya ameuvuka. Hakulizungumzia kamwe. Mvua ziliponyesha tena akanirudisha nyumbani, na kila asubuhi kabla ya shule alinisimamisha mguu sawa, akanikagua kucha, akanimiminia uji wote na kuapa kwamba ameshakunywa wake. Mwongo mkubwa, yule mzee!

Nilipofikia umri wa kitambulisho tulikwenda mjini Lodwar, ofisi ya usajili. Alipiga shati pasi ya makaa, akavaa medali. Nikabonyeza vidole tena. Karani aliitazama kompyuta, sisi hakututazama.

“Mzee, mashine inasema huyu ni mkimbizi.”

“Huyu ni mtoto ya mtoto yangu,” babu akasema. “Mimi nimelinda hii mpaka yenu hadi meno imeisha. Uliza mimi, wacha kuuliza mashine.”

“Mrudi mwezi ujao.”

Tulirudi kwa miaka minne. Kila safari pasi, kila safari medali. Mara ya mwisho alisimama mlangoni mguu sawa, na karani akampita kwenda kunywa chai. Nilimfokea karani yule hadi bawabu akanitoa nje. Huko nje nikamgeukia babu: “Ni wewe uliyenifanya mgeni!” Aliivua medali akaitia mfukoni. Hilo sijajisamehe.

Mwaka jana alifia Lodwar. Mochari wakataka kitambulisho cha ndugu ndipo watoe mwili. Nilipiga kelele, nikalia, nikawaonyesha hata picha yetu. Wapi! Mwishowe mwendesha boda boda aliyenileta, mtu ambaye hakuwahi kumwamkia babu hata “ejok” ya njiani, akaionea huruma hali yangu, akatoa kitambulisho chake.

Akatia sahihi kwenye fomu. Penye uhusiano wakamwandika mjukuu. Mimi nilisimama kando, nimeshika shati la babu nililolipiga pasi.