Vibuyu Vinne vya Mbuke

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Geita tangu alfajiri na joto lilikuwa la kubana, lakini hadi saa tatu asubuhi hakuna tone lililoanguka. Donatus Mageni, fundi maabara wa zahanati, aliegesha pikipiki nje ya mji wa Mbuke, boma la familia katika kitongoji kimoja karibu na Bugarama, akafuta vumbi kwenye jalada la daftari lake kabla hajafuta la usoni.

Ndivyo alivyo. Ana miaka arobaini na tisa, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza akiwa ameinamia hadubini. Mkewe, Agnetha, huwaambia wageni kwamba mume wake huwasahau watu sura, lakini damu zao anazikumbuka.

Kwa miezi mitatu alikuwa na kazi ya ziada. Maduara, yaani mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa dhahabu, hujaa maji kila msimu na kuzaa mbu. Watafiti walikuwa wameleta aina moja ya bakteria wa udongoni wanaoua viluwiluwi vya mbu, na kabla ya kuruhusu wamwagwe kwenye maduara yote, kamati ya kata ilitaka kujua watamdhuru nani mwingine. Mwandishi wa majibu hayo alikuwa Donatus. Kambare ishirini walitiwa kwenye duara la majaribio, wakabaki kumi na tisa, mmoja kaliwa na ndege mdiria. Vyura hawakupungua. Ndama sita waliokunywa maji yale waliongezeka uzito sawa na wenzao.

Kisha, mwishoni mwa Oktoba, watu watano wa nyumba ya Mbuke wakaharisha siku moja.

Donatus alichukua maziwa ya mgando katika vibuyu vyao vyote vinne, kila kimoja akakipa namba, akapeleka sampuli Mwanza. Majibu yalikuja Jumatatu jioni. Bakteria wa duara walikuwa ndani ya maziwa. Daktari Benjamini, kiongozi wa watafiti, alipiga simu akiwa amenyong'onyea.

"Mzee Donatus, kama ng'ombe anawanywa halafu wanatokea kwenye maziwa, kesho kamati itatukatalia. Na itakuwa na haki."

"Wameonekana kwenye vibuyu viwili tu," Donatus alisema.

"Viwili vinatosha."

Kikao kilikuwa saa nane mchana. Ndiyo maana alikuwa hapa asubuhi.

"Shikamoo, mayu," Donatus alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba." Mbuke, mama wa miaka sitini na kitu, alilitazama daftari. "Kambare umewahesabu, vyura umewahesabu. Leo zamu ya viroboto?"

"Leo vibuyu."

Kicheko kikamkauka. Alimwita mkwewe, Noela, alete kigoda, kisha hapo hapo akamtuma kuni ambazo hazikuwa na haraka yoyote.

"Mnaviosha kwa maji gani?"

"Ya pampu. Kuna mengine?"

Pampu iko mwendo wa dakika arobaini; Donatus aliwahi kuutembea akiangalia saa. Hakuandika kitu. Alijua kinachomfunga Mbuke mdomo. Msimu uliopita mjukuu wake, Luka, alilazwa kwa malaria mara tatu, na mara ya mwisho akaongezewa damu. Tangu duara la majaribio, lililo jirani na mji huu, litiwe bakteria, mtoto hajagusa kitanda cha zahanati.

"Mayu, nikuambie kilichoandikwa Mwanza. Bakteria wameonekana kwenye maziwa. Mchana huu kamati itasema wamepitia kwa ng'ombe. Wakisema hivyo, hakuna duara litakalotiwa dawa, mvua zitashika, na mbu watarudi."

Mbuke alichora mistari mchangani kwa kidole cha mguu.

"Na mtu akisema kosa ni lake?"

"Itategemea kosa lenyewe."

"We Donatus, ulivyo mpole, kumbe unajua kumbana mtu." Alivuta pumzi. "Niliyaona maji ya duara hayana wadudu tena. Meupe, yametulia, huoni hata kitu kimoja kinachotikisika. Nikasema, sasa haya si safi? Magoti yangu na pampu hawaelewani. Nikawa nasuuzia humo. Si vyote! Noela ni mkaidi, vyake alikwenda navyo pampu."

Sauti ya Donatus haikupanda. "Vyako ni vipi?"

Mbuke aliingia ndani, akatoka na viwili. Donatus alivigeuza. Chini palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: mbili, na nne. Ndivyo vile vile vilivyoandikwa kwenye barua ya majibu iliyokuwa mfukoni mwake, na hakuwa amemwambia mtu yeyote wa mji ule. Maziwa ya ng'ombe wale wale yalikuwa kwenye vibuyu vya Noela, na humo bakteria hawakuonekana.

"Kilichowaharisha si bakteria hawa," alimweleza. "Kwenye hivi viwili kulikuwa na vijidudu vya kinyesi cha ng'ombe, tele. Dawa inaua viluwiluwi, mayu. Haisafishi maji."

"Mlituambia inaua nini. Hamkutuambia haiui nini."

Hilo aliliandika neno kwa neno.

Kwenye kikao alisoma kila kitu, pamoja na kosa lake mwenyewe: miezi mitatu aliuliza maji yanayonywewa, hakuuliza yanayosuuziwa vyombo. Mwenyekiti, Boaz, aliuliza kama kuna uhakika ng'ombe hahusiki. Donatus alijibu kwamba vibuyu vinaonyesha hivyo, ila maziwa yakamuliwe moja kwa moja kwenye chupa zilizochemshwa, yapimwe tena kila mwezi. Mbuke, aliyeletwa kwa pikipiki, alisimama bila kuitwa, akasimulia alivyosuuza. Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana kina mama watatu walikuwa wameinamisha vichwa.

Kamati iliruhusu maduara yote kumi na moja yatiwe bakteria msimu huu, kwa masharti: yazungushiwe miiba, na kila mji uelezwe kwamba maji yale bado ni machafu.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Donatus alifika mji wa kwanza kwenye orodha ya miji ya kuelezwa. Alimwamkia mwenye nyumba, akakataa kiti, akaomba aonyeshwe vyombo vyote vya maziwa.