Siku za Kulipa

Dada yangu alipojifungua mtoto wa nne, damu ilimtoka nusura tumkose. Daktari pale hospitali ya Msambweni alimwambia mbele yangu kwamba akishika mimba nyingine huenda asiinuke. Mtoto alipoacha ziwa, nesi akampa vidonge vya kupanga uzazi. Kimoja kila siku, baada ya chai ya asubuhi.

Nilikuwa nimemzidi kisomo kidogo tu, lakini nikajifanya mwalimu. Nilimweleza kuwa dawa ile hulizuia yai lisiive na kutoka, tena huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito hata mbegu za mume zisipenye.

"Yaani kizazi kinalazwa?" aliuliza, akacheka.

Nikamwambia ndiyo, kinalazwa. Lilikuwa jibu la kivivu. Sikumwambia kwamba dawa haikai mwilini, kwamba akiruka siku kadhaa yai huanza tena kuiva.

Ramadhani ikaingia, chai ya asubuhi ikawa haipo. Angeweza kukinywa kidonge wakati wa daku, au akishafuturu, lakini hakuna aliyemwambia, na dada yangu alikuwa mtu wa kufuata maneno kama yalivyosemwa. Siku moja nilitoka Diani, ninakofua mashuka ya hoteli, nikaenda kumsaidia kukuna nazi za futari. Nikamuuliza kama vidonge anaendelea navyo.

"Nimeviweka kwanza, mdogo wangu. Na leo niko kwenye siku zangu. Nitalipa baada ya Idi, inshallah."

Nilidhani anasema saumu. Mwanamke akiwa hedhini hafungi, hulipa siku zake baadaye. Nani kati yetu asiyelijua hilo? Hata ile "nimeviweka" niliiacha ipite, nikamwomba anipishe kwenye mbuzi nikune mimi.

Baada ya Idi nilimkuta asubuhi anameza vidonge viwili kwa mpigo, uso umemparama kwa kichefuchefu.

"Nalipa vile vya Ramadhani," aliniambia, kwa fahari ya mtu mwaminifu.

Nilimshika mkono tukaenda kwa nesi. Nesi alimpima, kisha akavua miwani. Mimba ilikuwa imeshaingia.

Alifariki miezi minane baadaye akijifungua, yeye na mtoto wake, kwa damu ile ile. Matangani wanawake walinong'ona kwamba ni zile dawa zilizomuua. Nilitaka kuwapigia kelele kwamba aliuawa na siku alizokosa kuzinywa, na pia na mimi niliyesikia nusu ya maneno yake. Badala yake nikaendelea kupakua wali. Hasira ile ninayo hadi leo, na nyingi yake ni juu yangu mwenyewe.

Alikufa na deni la siku tano za saumu. Nimemfungia mimi, moja baada ya nyingine, kwa niaba yake. Hizo zililipika.